Bi Kesho na Neno Haya

Ndugu wa karibu na wa mbali, majirani wa mtaa wa nyuma ya kiwanda cha matofali, wauguzi mliotoka zamu mkaja moja kwa moja na sare zenu, na ninyi madaktari ambao najua wawili watatu wamekuja kuhakikisha kwamba safari hii kweli hatawarudishia karatasi zao, naomba mkae, wasio na viti waegemee ukuta, nisome historia ya marehemu shangazi yangu, ambayo nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe bila kusaidiwa, ingawa shule niliiacha kidato cha pili na binti yake ana shahada, na mtakaposikia ilivyonyooka mtaelewa kwa nini nilichaguliwa mimi.

Aliyenichagua ni marehemu mwenyewe, aliniita kando ya kitanda chake mwezi uliopita akaniambia, "Wewe ndiye utakayenisomea, maana sauti yako haihitaji spika, na aibu huna," nami nikajibu haraka, "Haya, shangazi," akanitazama kwa lile jicho mnalolijua, akasema, "Haya siyo jibu, mwanangu, nenda kalale, utanijibu kesho," na kesho yake nikamjibu ndiyo, kwa mdomo mpana, ndipo akaridhika. Naanza na hilo kwa sababu maisha yake yote yamo ndani ya hilo neno dogo, na atakayesinzia katikati asije akaniuliza pale getini kulikuwa na nini.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa dereva wa lori la matofali na mshonaji wa mashuka, na bibi alikuwa akisimulia kwamba alichelewa kutoka mpaka mkunga akanywa chai, akaaga, akaitwa tena akiwa njiani, kwa hiyo tabia ya kuwaambia watu wasubiri alikuja nayo tangu tumboni. Alilelewa katika nyumba ambamo mtoto akiambiwa neno na mkubwa hujibu "haya" huku macho yapo chini, ukiambiwa kachote maji, haya, ukiambiwa mpe mdogo wako viatu vyako vipya, haya, na bibi alijisifu kwa majirani kwamba binti zake wana haya, akimaanisha ile nyingine, ya kuona soni mbele za watu, na hakuna aliyeshangaa kwamba neno la kukubali na neno la kuona aibu ni hilo hilo moja, marehemu ndiye aliyekuja kulishangaa akiwa mtu mzima, na wakati huo lilikuwa limeshamgharimu mtu mguu.

Elimu ya msingi aliianza Januari 1965 na kuimaliza Desemba 1971, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi mwaka 1975, ambako kwa ushahidi wa dada yake mkubwa alikuwa wa kwanza darasani kwa sayansi na wa mwisho kwa kupika, jambo ambalo sisi tuliokula kwake hatulihitajii ushahidi, kisha Septemba 1976 akajiunga na chuo cha uuguzi, akahitimu Septemba 1979, na picha yake ya siku ile mnaiona pale juu ya meza, kofia imekaa upande, uso umekunjamana kama mtu anayedai samahani kutoka kwa mpiga picha.

Tarehe 1 Machi 1980 aliajiriwa katika hospitali kuu, wodi ya upasuaji ya wanawake, ile yenye madirisha marefu na sakafu nyekundu inayong'arishwa mpaka wageni wanateleza, na alikuwa muuguzi mzuri, nasema hivyo si kwa sababu ni shangazi yangu, maana ndugu zangu wengine nawajua na siwasifii, bali kwa sababu wagonjwa walikuwa wakisubiri zamu yake ndipo waoge, alikuwa na mikono ya joto, alijua kumgeuza mtu mwenye maumivu bila kumfanya ajione mzigo.

Mwaka 1984 metroni wa wodi ile, aliyekuwa akisomea shahada, alianzisha utafiti juu ya vidonda vya miguu visivyopona, nusu ya wagonjwa wafungwe bandeji ya siku zote inayobadilishwa kila asubuhi, nusu wafungwe bandeji mpya, nene, inayoachwa juma zima bila kufunguliwa, ili ionekane ipi inaponya upesi, na kwa kuwa marehemu ndiye aliyependwa na wagonjwa, metroni akamkabidhi yeye kazi ya kuwauliza kama wanakubali kuingia. Marehemu akaifanya kazi hiyo vizuri mno, asubuhi anamwosha mtu, anamchana nywele, anamkata kucha, mchana anarudi kitandani pale pale anamwuliza, "Mama, utaingia kwenye utafiti wetu?" na wote walisema, "Haya," hakuna hata mmoja aliyekataa, metroni akafurahi, akasema hajawahi kuona wodi yenye watu waelewa kiasi kile.

Miongoni mwao alikuwamo mwanamke mmoja mfagizi wa soko, mwenye kidonda juu ya kifundo cha mguu wa kushoto, ambaye aliangukia kwenye bandeji mpya, na bandeji ile ilimwasha, ikamvuta, ikaanza kutoa harufu, lakini kila asubuhi marehemu alipomwuliza anaendeleaje alijibu, "Naendelea, sista, haya tu," akageuzia uso ukutani, mpaka siku mdogo wake alipokuja kumtazama, akamvuta marehemu kando karibu na sinki, akamwambia kwa sauti ya chini, "Sista, dada yangu hataki hilo libandeji, tangu siku ya kwanza hakulitaka, ila anaona haya kukuambia, kwa sababu wewe ndiye unayemwosha."

Marehemu alisimulia sentensi hiyo mara nyingi sana, na kila aliposimulia aliishia pale pale, kwenye sinki, akifungua na kufunga mkono kama anayetafuta bomba, kwa sababu ndipo alipoelewa kwamba haya zote alizozikusanya katika wodi nzima hazikuwa za kukubali, zilikuwa za watu wanaoona haya, na kwamba wema wake ndio uliowafunga mdomo, yeye na maji yake ya moto na kitana chake. Akaenda kwa metroni kusema mfagizi atolewe, metroni akajibu, "Si alisema haya?" marehemu akasema, "Alisema haya kwa sababu ya haya," metroni akavua miwani akamwambia, "Binti, mimi nina wagonjwa na kazi ya kukabidhi, usinichezee maneno," lakini mwishowe akakubali, mfagizi akatolewa katika utafiti.

Akatolewa, ndiyo, na siku iliyofuata kitanda chake kikahamishiwa mwisho wa wodi, karibu na mlango wa choo, kwa sababu ya nafasi, na bandeji yake ikawa inabadilishwa baada ya wengine wote, kwa sababu ya ratiba, na siku nyingine haikubadilishwa, kwa sababu ya upungufu wa watu, hakuna aliyemkaripia, hakuna aliyesema ni adhabu, na marehemu, aliyekuwa amepangiwa upande wa pili wa wodi, akavuka mara kadhaa kwa kuiba akaukuta mguu umevimba hadi gotini, akaenda ofisi ya mganga mkuu kushtaki, mganga mkuu akasema, "Haya, tutalishughulikia," na ninyi mnaijua haya ya ofisini. Mguu ulikatwa mwezi Oktoba mwaka huo, chini ya goti, na kama ni ugonjwa wenyewe au ni kule kucheleweshwa, hakuna awezaye kuapa, hata marehemu hakuapa, alisema tu kwamba yule mama alisema hapana mara moja katika maisha yake na akaona bei yake.

Kwa kushtaki, marehemu aliondolewa wodini Novemba 1984 akapelekwa chumba cha kufulia, mahali pa mvuke na mashuka yenye damu, muuguzi mwenye cheti akawa anahesabu foronya, na huko alikaa hadi Machi 1988, alipohamishwa metroni yule na wodi ikakosa watu, ndipo akarudishwa. Mfagizi naye hakuweza tena kufagia soko, akawa anakaa chini nyumbani kwake anatengeneza mifagio, na marehemu akawa mteja wake kila mwezi mpaka mama yule alipofariki mwaka 2009, mkitaka kujua ni mifagio mingapi nendeni mkafungue stoo ya nyumba hii, kwa tahadhari, itawaangukia, na uwanja huu mliokalia umefagiliwa leo asubuhi kwa mmojawapo.

Katika chumba hicho cha kufulia ndipo alipokutana na mume wake, ambaye sisi wote tunamwita Fundi, na yupo hapa mbele amenyamaza kama kawaida yake, alikuwa akitengeneza vitanda na mashine za hospitali, na mashine ya kukamulia mashuka ilikuwa ikiharibika mara nyingi kuliko mashine yoyote niliyowahi kuisikia, mimi nikiwa mtu wa gereji najua mashine haifi hivyo bila kusaidiwa, Fundi samahani, lakini leo ni siku ya kusema kweli. Alipomwomba waoane, marehemu alimwambia, "Nitakujibu kesho," na kesho ilipofika, Fundi akiwa amesimama na bisibisi mkononi, akamwuliza kwanza, "Na nikisema hapana, utaendelea kuja kuitengeneza mashine yangu?" Fundi akafikiri, akasema, "Mashine ni ya hospitali, nitaitengeneza hata ukinitukana," ndipo marehemu akasema ndiyo, na ndoa yao ilifungwa Jumamosi tarehe 6 Septemba 1986.

Walijaliwa watoto wawili, wa kwanza ni binti, aliyezaliwa tarehe 22 Aprili 1988, ambaye ni mwalimu, na ambaye amekaa pale akinisahihisha kimoyomoyo, wa pili alikuwa mvulana, aliyezaliwa tarehe 19 Novemba 1991 na kufariki tarehe 3 Juni 1993 kwa homa ya uti wa mgongo, na juu ya huyo nitasema jambo ambalo wengi hamlijui, kwa kuwa marehemu aliniruhusu nilisome. Saa ile ile hospitalini mtoto alipokuwa akifunikwa chumba cha ndani, mama yake akiwa kwenye benchi la nje, alikuja kijana mmoja na ubao wa kuandikia, mpole, akasema, "Pole mama, tunaomba utujibu maswali machache, ni utafiti wetu wa malezi ya watoto," na shangazi yangu, aliyejua yote yaliyomo ndani ya swali hilo, aliyefua mashuka kwa miaka kwa ajili ya swali hilo, akasema, "Haya," akajibu yote, amenyonya mpaka lini, wanachemsha maji au hawachemshi, kwa sauti ya mtu anayeagiza sukari dukani, Fundi akaja akamkuta katikati, akakaa pembeni akasubiri maswali yaishe. Marehemu hakumlaumu yule kijana hata siku moja, alisema alikuwa na adabu nzuri, na ndiyo maana asingeweza kumkatalia.

Baada ya hapo, binti yake anasema, mama yake alikuwa akipakua chakula halafu anasimama na upawa mkononi, anamwuliza mtoto wa miaka mitano, "Unataka, au unaona haya?" na sisi wapwa tukija wikendi tulilazimika kujibu swali hilo kabla ya kila kijiko, njaa ikituuma, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikijibu kwamba nataka na haya sina, ndipo urafiki wetu ulipoanza.

Tarehe 5 Mei 1997 hospitali iliunda kamati ya maadili ya utafiti, ya kuhakikisha kwamba mtu anayefanyiwa utafiti haumizwi, hadanganywi wala halazimishwi, na marehemu akateuliwa kuwa mjumbe kwa upande wa wauguzi, nadhani walidhani atakaa kimya anywe soda, na kikao cha kwanza tu akarudisha karatasi zote za maombi ya utafiti zilizoletwa. Alishikilia kwamba aliyemwosha mgonjwa asiwe yeye anayemwomba, kwamba mgonjwa akishaelezwa aachwe alale na swali lake na jibu lichukuliwe siku inayofuata, na kwamba mtu akijibu "haya" bado hajajibu, aulizwe tena mpaka aseme ndiyo au hapana kwa mdomo wake, na kila mtafiti alitakiwa kumwambia mgonjwa maneno haya waziwazi, ukikataa, chakula ni kile kile, dawa ni ile ile, mikono ni ile ile. Hapo ndipo madaktari walipompa jina la Bi Kesho, na mmoja wao alikuwa akisema katika vikao kwamba ukimwomba Bi Kesho maji ya kunywa utakufa kwa kiu ukiwa umeelezwa vizuri, marehemu aliipenda sana hiyo, akairudia nyumbani mpaka tukachoka.

Sisemi kwamba alikuwa sahihi kila mara, kuna utafiti wa kikohozi cha watoto wachanga alioushikilia karibu mwaka mzima kwa sababu akina mama walikuwa wakiulizwa wakiwa kwenye foleni ya dawa, na daktari aliyeuleta alichoka akauacha, na huenda kuna watoto ambao ungewafaa, daktari huyo amekuja leo, amekaa safu ya tatu, marehemu alilijua deni hilo wala hakulikana, alisema tu kwamba kati ya makosa mawili alichagua lile ambalo angeweza kulala nalo, na hata hilo alilala nalo vibaya.

Alifundisha pia chuoni kuanzia mwaka 2001, na wanafunzi wake mliopo hapa mnakumbuka zoezi lake moja, mwanafunzi mmoja alale kitandani awe mgonjwa, mwingine amwombe kuingia kwenye utafiti, mgonjwa akatae, halafu yule yule aliyekataliwa amgeuze ubavu wa pili, na marehemu hakutazama nyuso zenu hata kidogo, alitazama mikono, kwa sababu, alisema, uso unaweza kufundishwa kutabasamu, lakini mkono uliokataliwa una namna yake ya kushika, unakuwa na haraka kidogo, unaacha shuka limekunjamana mgongoni, na mgonjwa anajua. Wengi mlirudia zoezi hilo, wengine mlilia chooni, najua kwa sababu mlimsema nyumbani kwake mkila chakula chake kibaya.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2018, akalima mboga nyuma ya nyumba, akagombana na kuku wa jirani, ambaye namwona pale na hatujasahau, na Agosti 2023 akaanza kuumwa ubavu wa kulia, vipimo vikaonyesha saratani ya ini, akatibiwa kwa kwenda na kurudi, na tarehe 28 Januari mwaka huu wa 2025 akalazwa katika wodi ile ile ya sakafu nyekundu, kitanda cha karibu na dirisha, akiwa amepungua mpaka mimi mwenyewe, nisiyeogopa kitu, nilikuwa nikimwinua namtazama mtu mwingine.

Sasa kipande kinachofuata baba yangu, ambaye ni kaka yake marehemu, aliniambia jana nikiruke, alisema, "Hapo ruka, mwanangu, usituaibishe mbele za watu wa hospitali," nami kwa heshima zote nilimwambia nitamjibu kesho, na kesho yenyewe ndiyo leo, baba, siruki, kwa sababu maneno yameshaanza kuzunguka, jana tu pale kwenye turubai nimesikia mtu akisema kwamba marehemu aliwasumbua watafiti maisha yake yote, na zamu yake ilipofika akawanyima, na afadhali watu wayasikie kwangu yalivyokuwa.

Tarehe 8 Februari alikuja kitandani muuguzi kijana, mwanafunzi wake wa zamani, mwembamba, anayetembea kama anaogopa kuiamsha sakafu, anayefanya utafiti juu ya namna wagonjwa wasiotarajiwa kupona wanavyohudumiwa, na hakuwa yeye anayemwosha marehemu, alikuwa wa wodi nyingine, alikuja kama alivyofundishwa. Akamweleza kwamba anaomba kukaa karibu naye siku hizo, atazame anavyohudumiwa, aandike, na kwamba akikataa, chakula ni kile kile, dawa ni ile ile, mikono ni ile ile, halafu akasema atarudi kesho kuchukua jibu, akaondoka, na sisi ndugu tulifurahi kupita kiasi, mimi nilishawatangazia vitanda vyote vya jirani kwamba shangazi yangu anaingia kwenye kitabu, baba akasema, "Huyu si ndiye mwenye kamati, akikataa huyu atakubali nani?" hakuna aliyemtazama marehemu usoni.

Kesho yake mchana muuguzi akarudi, akauliza, na kabla marehemu hajajibu baba akamhimiza, "Sema haya, dada, mwenzako ana kazi," na marehemu akafungua macho akasema, "Hapana." Baba akacheka kidogo, kile kicheko cha kumfunika mtu, akamwambia muuguzi, "Ni dawa hizo, mwanangu, hajui anachosema, andika ndiyo," lakini muuguzi akajibu, "Baba, amesema hapana, nimemsikia," akafunga mkoba wake, na sisi wote pale tulikuwa tunaona haya, ile ya pili, mimi pia, nakiri kwamba niliipata siku hiyo kwa mara ya kwanza na sikuipenda.

Alipokuwa anageuka kuondoka, marehemu akamwita, akamwambia, "Nigeuze." Wauguzi wa zamu walikuwapo, angeweza kuwaita wao, lakini alimwambia yeye, aliyetoka kukataliwa, na yule binti akauweka mkoba chini, akaenda kwenye sinki, akanawa, akaikausha mikono vizuri isiwe ya baridi, akarudi, akamwambia kila anachotaka kufanya kabla ya kukifanya, akamgeuza polepole, akaweka mto katikati ya magoti, akapitisha kiganja chini ya mgongo kunyoosha shuka, akapapasa tena kuhakikisha halina mkunjo, akamfuta mdomo. Shangazi yangu hakuutazama uso wa yule binti hata mara moja, alitazama mikono, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na ilipomaliza akapumua kwa kina, akasema, "Haya," akafumba macho.

Hakuzungumza tena, alfajiri ya tarehe 10 Februari 2025 alifariki, mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka sitini na saba, ameacha mume, binti, wajukuu wawili, ndugu wanne, na mimi.

Asubuhi hiyo hiyo, nje ya chumba cha maiti, baba yangu, kwa uchungu wake na kwa kutaka jina la dada yake lisitajwe vibaya, alimwendea yule muuguzi akamwambia, "Mwanangu, yule wa jana alikuwa mgonjwa, sasa hayupo, sisi familia tunaridhia, yaandike uliyoyaona ukimgeuza," na binti wa watu akamtazama Fundi, kwa sababu mkubwa akikupa kitu huwezi kukikataa hivi hivi, na Fundi, ambaye kwa siku mbili hakuwa amefungua mdomo hata kwa chai, akasema, "Shemeji, mimi nilimwuliza swali moja tu maishani, nikalala nalo mpaka kesho yake, kumjibia sikuwahi, na leo sianzi." Baba akaenda kusimama kwenye kona ya jengo akitugeuzia mgongo, na hakuna aliyemfuata, haya hiyo ilikuwa yake.

Kwa hiyo kwa niaba ya familia nasema mbele yenu wote, marehemu aliulizwa, akalala na swali, akajibu, na jibu lake ni hapana, litabaki hivyo hivyo, hatutaki kusikia pale getini kwamba aliwanyima watu kitu, aliyesema hivyo jana chini ya turubai namjua kwa sauti na kwa kikohozi. Alitaka kuisema hapana mara moja aone kama mikono itakuwa ile ile, yule mfagizi alipoisema haikuwa, yeye mwenyewe pale kwenye benchi mwaka 1993 alishindwa kuisema, na safari hii aliisema na mikono ikawa ile ile, basi.

Familia inawashukuru madaktari wa wodi ya upasuaji ya wanawake, pamoja na wale aliowarudishia karatasi, inawashukuru wauguzi waliomwosha, wafuaji wa mashuka, ambao hawatajwi popote na yeye alikuwa mwenzao, wajumbe wa kamati, wanafunzi wake, majirani mlioleta viti na maji, jirani wa kuku naye pia tumemsamehe mpaka mazishi yaishe, na yule muuguzi mwembamba aliyekaa nyuma kabisa karibu na ukuta akidhani simwoni, simtaji, simwombi asimame, nasema asante tu, na hahitaji kujibu.

Shangazi, nimesoma yote uliyonituma, sikuruka, na sauti imefika mpaka barabarani kama ulivyotaka, leo hakuna wa kukuuliza kitu wala wa kurudi kesho kuchukua jibu, shuka tumelinyoosha wenyewe, tumepapasa, halina mkunjo.

Haya, shangazi. Pumzika kwa amani.